Kutoka Dago hadi Hema la Mtalii: Historia ya Kambi katika Msitu na Pwani ya Saadani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kupiga kambi katika Saadani, eneo la msitu na fukwe lililopo kaskazini mwa Bagamoyo ambalo tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Hoja kuu ni kwamba kulala kambini kati ya msitu na bahari si desturi iliyoletwa na utalii. Wavuvi, wapagazi, wapiganaji na wachungaji walilala hapo kabla ya mtalii, kila kundi kwa sababu zake na kwa idhini ya mamlaka ya wakati wake. Kilichobadilika ni jibu la maswali matatu: nani analala, kwa idhini ya nani, na kwa kuni za nani. Makala yanahitimisha kwamba mgeni anayeelezwa Saadani kama pori lisilowahi kuguswa ananyimwa historia, na kwamba unyimaji huo una athari kwa watu wanaoishi jirani na hifadhi hadi leo.

1.0 Utangulizi

Wazo la kuandika makala haya lilizaliwa usiku mmoja nilipokuwa nimelala hemani Saadani. Upande mmoja ilisikika bahari ikijaa. Upande wa pili, gizani, kulikuwa na vichaka ambamo jioni ile tulikuwa tumewaona ngiri na kuro wakila majani bila haraka. Asubuhi nilitembea kijijini nikaona magofu ya boma la Wajerumani na makaburi ya zamani. Swali lililonijia lilikuwa jepesi: ni nani waliolala hapa kabla yangu, na walilala kwa ajili ya nini?

Saadani ni kijiji cha kale cha Mrima kinachotazamana na kisiwa cha Unguja. Hifadhi inayobeba jina lake ina ukubwa wa takribani kilometa za mraba 1,100 na imeenea katika mikoa ya Pwani na Tanga. Upande wa kusini upo Mto Wami, wenye viboko, mamba na misitu ya mikoko katika mdomo wake. Kusini-magharibi upo Msitu wa Zaraninge, mojawapo ya mabaki ya misitu ya asili ya pwani ya Afrika Mashariki. Upande wa kaskazini ipo fukwe ya Madete, ambako kasa hupanda usiku kutaga mayai. Tembo, simba, twiga, pofu na palahala wanaishi katika nyika iliyo katikati. Ndiyo maana Saadani hutangazwa kwa wageni kama mahali nyika inapokutana na bahari.

Sifa hiyo ni ya kweli, ila si kamili. Katika matangazo hayo binadamu huonekana kama mgeni aliyefika juzi akiwa na kamera. Historia inaonyesha vinginevyo. Data zilizotumika katika makala haya zimetokana na uchambuzi wa maandiko ya kihistoria na yale niliyoyaona nilipozuru eneo lenyewe. Dhana ya kambi imetumika kama kioo cha kutazamia mahusiano ya watu na mahali, kwa kuwa anayepiga kambi hulazimika kutafuta maji, moto, ulinzi na ruhusa. Kila kimojawapo cha vitu hivyo kina mwenyewe.

2.0 Dago: Kambi ya Wavuvi

Kabla ya kuzungumzia misafara na watalii, hatuna budi kuanza na neno ambalo wageni wengi hawalijui. Wavuvi wa pwani ya Kiswahili wana desturi ya kuhama kwa msimu kufuata samaki, wakaweka makazi ya muda ufukweni au visiwani. Makazi hayo huitwa dago, au ago, na mvuvi anayeondoka kwao kwenda kuvua huko husemwa amekwenda dago. Msimu wa kaskazi au wa kusi ndio unaoamua aende wapi na arudi lini.

Dago lina mahitaji machache. Yapo mabanda ya makuti, vichanja vya kuanikia samaki, mahali pa kuvutia ngalawa, kisima kilicho karibu na kuni za kutosha. Samaki wasiouzwa wabichi hukaushwa wakawa ng'onda, au hubanikwa kwa moto. Kwa hiyo mvuvi wa dago alikuwa mtu wa bahari mchana na mtu wa msitu jioni. Mashua, upondo, kafi na kuni vyote vilitoka katika miti ya pwani ile ile. Tofauti tunayoichora leo kati ya hifadhi ya nchi kavu na shughuli za baharini haikuwa na maana kwake.

Dago pia lilikuwa na adabu zake. Wageni waliofika kuvua katika maji ya mji fulani walitarajiwa kujitambulisha kwa wenyeji, na wenyeji walijua nani yupo na ataondoka lini. Kwa mantiki hiyo, jibu la maswali yetu matatu katika hatua hii ni wazi: analala mvuvi, kwa idhini ya wenyeji, kwa kuni za msitu wao. Uvuvi, hasa wa kamba karibu na mdomo wa Wami, umebaki kuwa mhimili wa maisha ya Saadani hadi leo, pamoja na uchemshaji na uanikaji wa chumvi. Dago basi si kumbukumbu tu, bali ni aina ya kambi ambayo bado ipo hai pwani, ingawa haimo katika orodha ya bei za hifadhi.

3.0 Kambi ya Msafara

Katika karne ya 19 Saadani ilikuwa mojawapo ya milango ya biashara ya bara, ingawa Bagamoyo iliipita kwa umaarufu. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, na vitambaa, shanga na waya vilipanda. Misitu ya pwani nayo ilikuwa na bidhaa yake: sandarusi, utomvu mgumu wa msandarusi uliochimbwa ardhini, ukasafirishwa hadi Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi. Meli za huko ndizo zilizoleta kitambaa ambacho hadi leo tunakiita merikani. Msitu wa pwani ulikuwa umeunganishwa na soko la dunia muda mrefu kabla ya mtalii wa kwanza.

Biashara hii ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Stephen Rockel, katika Carriers of Culture (2006), anawaonyesha wapagazi kuwa wafanyakazi wa ujira wenye utamaduni wao wa kazi, na si kundi la wanyonge wasiokuwa na sauti. Kambi ilikuwa kiini cha utamaduni huo. Kirangozi alitangulia, mizigo ilipotuliwa kila kikundi kilichochangia chungu kimoja kilijua wajibu wake: hawa wakakate miti na nyasi za vibanda, wale watafute maji, wengine wakoke moto. Penye hatari ya simba au maadui, miiba ilizungushwa ikawa boma. Posho iligawiwa, na usiku ukawa wakati wa ngoma, masimulizi na malalamiko dhidi ya mwenye msafara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alituachia katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten, ushahidi adhimu wa maisha ya Mrima ya zama hizo yakielezwa kwa Kiswahili na mtu wa pwani mwenyewe.

Wamisionari nao walipitia mlango huu. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alifanya jaribio la kutumia ng'ombe badala ya wapagazi katika njia ya kutoka Saadani kuelekea Mpwapwa. Mwaka uliofuata Alexander Mackay wa Church Missionary Society alisimamia ukataji wa barabara kati ya sehemu hizo mbili. Mradi wa mikokoteni ya ng'ombe ulishindwa kwa sababu mifugo iliangamizwa na mbung'o. Tukio hili lina uzito katika mjadala wetu. Mpagazi aliendelea kuhitajika, na kambi yake ikaendelea kuwepo, kwa sababu ya mdudu mdogo wa vichakani. Mdudu huyo tutakutana naye tena.

Ni muhimu kusisitiza kwamba msafara haukulala popote ulipotaka. Kwenye njia za bara watawala wa maeneo walidai hongo, yaani malipo ya kupita na kukaa, na Saadani yenyewe ilikuwa na mtawala wake. Mwenye kambi alilipa kwa mwenye nchi. Ada ya kuingia hifadhini, ambayo wengi huidhani kuwa jambo la kisasa, ina babu yake.

4.0 Boma: Kambi ya Vita

Novemba 1884 Carl Peters na wenzake walianza safari yao ya bara kutoka Saadani. Walirudi pwani na mikataba ambayo Ujerumani iliitumia kudai nchi hizo. Mtu aliyekuwa na kauli Saadani wakati huo alikuwa Bwana Heri bin Juma, kiongozi aliyekuwa na mizizi miongoni mwa Wazigua na mshirika wa biashara ya misafara. Wajerumani walipojaribu kuchukua miji ya pwani mwaka 1888, Mrima ulilipuka. Abushiri bin Salim aliongoza upinzani Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akaongoza Saadani.

Juni 1889 Hermann von Wissmann aliishambulia Saadani kwa mizinga kutoka baharini, na mji ukateketea. Hapa ndipo msitu unapoingia katika vita. Bwana Heri hakusalimu amri. Alirudi nyuma ya pwani na kujenga boma la miti huko Mlembule. Mbinu ya kujenga kambi yenye ua wa magogo na miiba, ambayo kila mpagazi aliijua, iligeuzwa kuwa mbinu ya vita. Mwishoni mwa Desemba 1889 shambulio la Wajerumani dhidi ya boma hilo lilishindwa, na Wissmann alilazimika kuja na jeshi kubwa zaidi Januari 1890 ndipo likaanguka. Abushiri alikuwa tayari amenyongwa Pangani mwezi Desemba. Bwana Heri aliendelea kwa miezi michache, akasalimu amri Aprili 1890, na akaruhusiwa kuijenga upya Saadani. Vita hivyo vya Mrima vilipata kumbukumbu yake ya Kiswahili katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, uitwao Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima.

Mji uliojengwa upya haukurudia hadhi yake. Dar es Salaam ilifanywa makao makuu ya serikali ya kikoloni mwaka 1891, reli ya Tanga ikaanza kujengwa mwaka 1893, na reli ya kati ikaanzia Dar es Salaam mwaka 1905. Saadani ilibaki bila bandari ya maana wala reli. Njia zilizokuwa zikikanyagwa na miguu ya wapagazi ziliota majani. Utulivu ambao mgeni wa leo huusifu, basi, haukuumbwa na maumbile peke yake. Sehemu yake ni matokeo ya mizinga na reli.

Lipo jambo jingine ambalo mara chache huunganishwa na historia ya Saadani. Wissmann huyo huyo alirudi akiwa gavana, na Mei 1896 alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoanzisha pia maeneo ya kwanza ya kuhifadhi wanyama katika koloni hilo. Saadani haikuwemo katika maeneo hayo. Hata hivyo, ni vigumu kupuuza kwamba mkono uliochoma mji ndio uliotia saini sheria ya kulinda wanyama. Hili halibatilishi thamani ya uhifadhi. Linatukumbusha tu kwamba uhifadhi wa kisheria ulizaliwa ndani ya nyumba ya ukoloni, na kwamba tangu hapo idhini ya kuingia msituni ilianza kuhama kutoka kwa mwenyeji kwenda serikalini.

5.0 Ng'ombe, Mbung'o na Hifadhi

Katika miaka ya 1950 sehemu ya kaskazini ya eneo tunalolijadili iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, iliyohusishwa na mashamba ya mkonge ya Tanga. Wafanyakazi wa mkonge walihitaji nyama, na nyika ya Mkwaja ilionekana kufaa. Wachungaji walilala na mifugo katika maboma, vichaka vilikatwa na kuchomwa, na dawa za kukinga ugonjwa wa nagana zilitumika mwaka hadi mwaka. Ranchi ilifungwa mwaka 2000. Miongoni mwa mambo yaliyoielemea ni kuota upya kwa vichaka na mbung'o wale wale waliowaua ng'ombe wa wamisionari mwaka 1877.

Kwa upande wa kusini, Saadani ilifanywa pori la akiba katika miaka ya 1960, wakati taifa jipya lilipokuwa likiamua namna ya kurithi misitu na wanyama wake. Mwaka 2005 pori hilo, ardhi ya iliyokuwa ranchi na Msitu wa Zaraninge viliunganishwa kuwa hifadhi ya taifa. Hivyo hifadhi tunayoiona leo imeshonwa kwa vipande vitatu vyenye historia tofauti: kipande cha pori, kipande cha malisho na kipande cha msitu uliokuwa ukitumiwa na vijiji. Mtu anayetembea Mkwaja anakanyaga nyika ambayo hadi mwaka 2000 ilikuwa machunga ya maelfu ya ng'ombe.

Tofauti kati ya pori la akiba na hifadhi ya taifa si ya jina tu. Katika hifadhi ya taifa makazi, ukataji wa miti na uokotaji wa kuni haviruhusiwi kwa mwananchi wa kawaida. Kwa tembo na kasa, hii ni nusura. Kwa vijiji vilivyozoea kuingia na kutoka, ni ukuta. Watafiti wameandika kuhusu mgogoro wa muda mrefu wa mpaka kati ya hifadhi na wakazi wa Uvinje, kitongoji cha Saadani kilichopo ufukweni. Wakazi wanasema waliishi hapo kabla ya hifadhi. Mamlaka inasema eneo limo ndani ya mpaka wake. Makala haya hayana uwezo wa kuamua shauri hilo. Yanachoweza kusema ni kwamba shauri la namna hii hutegemea historia, na kwamba maneno "pori lisiloguswa" si maneno yasiyo na upande. Anayeyasema tayari ametoa hukumu.

6.0 Hema la Mgeni

Turudi sasa kwenye hema. Mgeni wa leo hufika kwa gari, hulipa ada langoni, raia kwa shilingi na kwa kiwango cha chini kuliko mgeni wa nje, kisha huelekezwa eneo la kupiga kambi. Huelezwa asitembee usiku, asikate mti, asiwalishe wanyama, na aondoke na takataka zake. Asubuhi anaweza kwenda kwa mashua mtoni Wami kuwaona viboko na ndege, mchana akaoga baharini, jioni akazunguka nyikani na gari. Ni mapumziko mema, na mwandishi wa makala haya hana sababu ya kuyabeza.

Tukilinganisha, tunaona kwamba vitendo ni vile vile: kutafuta maji, kukoka moto, kusikiliza simba yupo upande gani, kulala kwa zamu au kwa kumtegemea mlinzi. Maana ndiyo iliyogeuka. Mvuvi na mpagazi walilala nje kwa sababu kazi iliwalaza nje. Mtalii hulala nje ili aikimbie kazi. Kuni ndizo zinazoonyesha mgeuko huu vizuri zaidi. Kuni moja iliyookotwa Zaraninge ilikuwa haki ya mvuvi, wajibu wa mpagazi, na ngao ya mpiganaji. Leo, kijana wa kijijini akiiokota ndani ya mpaka ni kosa, ilhali mgeni aliyelipa ana mahali rasmi pa kuotea moto. Sheria hiyo ina sababu zake za kiikolojia ambazo ni nzito. Lakini haki inayohama bila kuelezwa huacha kinyongo, na kinyongo ni jirani mbaya wa hifadhi.

Kuna pia suala la utalii wa ndani. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kupiga kambi porini ni burudani ya Wazungu, na wengi hukua wakiamini hivyo. Mtoto wa mvuvi wa dago hajui kwamba babu yake alikuwa bingwa wa jambo ambalo watu huvuka bahari kuja kulijaribu. Asiyejua hivyo huingia hifadhini, akibahatika kuingia, kama mgeni katika nyumba ya ukoo wake. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Na asili anayoiacha mtoto huyu hakuiacha kwa hiari, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Saadani imepitia kambi za aina tano: dago la wavuvi, kambi ya msafara, boma la vita, kambi ya wachungaji na hema la mtalii. Katika kila hatua msitu na bahari vilitumika pamoja, na katika kila hatua alikuwepo mtoa idhini. Mwanzoni alikuwa mwenyeji, kisha mtawala wa mji, kisha serikali ya kikoloni, na hatimaye taasisi ya umma inayosimamia hifadhi kwa niaba ya wananchi wote.

Kutokana na matokeo haya, mapendekezo mawili yanatolewa. Kwanza, maelezo wanayopewa wageni yaandikwe kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine, na yataje dago, wapagazi, Bwana Heri na ranchi ya Mkwaja kama yanavyotaja tembo na kasa. Pili, matembezi ya kihistoria kutoka maeneo ya kambi hadi kijijini yaongozwe na wenyeji kwa malipo. Wao ndio wanaojua makaburi ni ya nani. Hatua hizi mbili hazihitaji kusogeza mpaka wala kupunguza ulinzi wa mnyama hata mmoja. Zinahitaji tu kukubali kwamba ardhi ambayo mgeni anaitandikia mkeka wake ilikwisha kulaliwa na watu wenye majina.